Usingizi ukikataa: hatua za wiki sita, hata kwa anayelala chumba kimoja na familia

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye usingizi unamkataa angalau siku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, ilhali nafasi ya kulala anayo, na mchana anashinda mchovu, msahaulifu kazini, mkali kwa watoto. Hiyo ndiyo hali ambayo madaktari huiita kukosa usingizi kwa muda mrefu. Aliyekesha wiki moja kwa sababu ya msiba au mtihani hahitaji yote haya. Usingizi wake utarudi wenyewe, mradi asiuvuruge zaidi.

Watu husema, "Ni mawazo tu." Ni kweli, ila kwa nusu. Mawazo ndiyo yaliyoufukuza usingizi: deni la kausha damu, kazi iliyokwisha, mgonjwa nyumbani, ndoa yenye mgogoro. Lakini miezi ikishapita, kinachouzuia usirudi huwa ni kitu kingine, nacho ni zile mbinu alizozianzisha mtu mwenyewe ili aupate. Anapanda kitandani saa 2 usiku ili afidie. Mchana anajilaza. Usiku anabaki amefumba macho masaa manne akiuvizia. Mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Spielman aliliweka wazi jambo hili miaka ya 1980: kilichoanzisha tatizo ni kimoja, kinacholiendeleza ni kingine, na tiba inaanzia kwenye kinachoendeleza.

Mwili hujifunza kwamba kitandani ni mahali pa kupigia hesabu. Ndiyo maana mtu anasinzia vizuri kabisa kwenye kochi mbele ya runinga, akishapanda kitandani tu macho yanakuwa makavu. Kazi ya wiki sita zijazo ni kuufundisha mwili upya. Tiba hii imepimwa sana, na mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani nchini Marekani, kilipendekeza watu wazima waanze nayo kabla ya vidonge. Tatizo ni kwamba maelekezo yake mengi yaliandikiwa mtu mwenye nyumba ya vyumba vinne. Humwambia, "Toka chumbani." Kwa aliyepanga chumba kimoja, nje ya chumba ni uani kwa wapangaji wengine. Kwa hiyo hapa tutakaa zaidi kwenye chumba hicho kimoja.

Kwanza: nani asipunguze muda wa kitandani

Hatua ya pili hapa chini inapunguza muda wa kulala kwa makusudi, na siku za mwanzo mtu husinzia mchana. Usiifanye bila daktari ikiwa una kifafa, au umewahi kupata vipindi vya nguvu na furaha iliyopitiliza ambapo unakaa siku kadhaa bila kulala wala kuchoka. Kwa watu hawa kupunguza usingizi kunaweza kuchochea ugonjwa. Vivyo hivyo dereva wa basi, lori au bodaboda, fundi anayepanda majengo, na anayeshika mashine za kukata: wafanye hatua nyingine zote, hii waiache au wasubiri likizo.

Anayekoroma kwa nguvu, kisha anakata pumzi kidogo na kushtuka kama aliyekabwa, huenda ana tatizo la njia ya hewa. Mara nyingi mwenyewe hajui, anayejua ni anayelala naye, kwa hiyo muulize. Hilo linahitaji hospitali.

Waislamu wasianze ndani ya Ramadhani. Daku inakata usiku vipande viwili na hesabu zote zitaharibika. Subiri Idi ipite.

Hatua ya kwanza: daftari la siku 7

Nunua daftari dogo. Kila asubuhi, ndani ya nusu saa baada ya kuamka, andika mambo matano: ulipanda kitandani saa ngapi, unakadiria ulichukua muda gani kusinzia, uliamka mara ngapi na kwa jumla ya muda gani, uliamka moja kwa moja saa ngapi, na ulitoka kitandani saa ngapi. Tumia makadirio. Ukianza kuchungulia saa usiku ili uandike kwa usahihi, umejiongezea ugonjwa, kwa sababu kila ukitazama saa utapiga hesabu ya muda uliobaki, na hesabu hiyo ndiyo inayoamsha moyo. Simu yenye kengele ya kuamsha iwekwe mbali, juu ya kabati, kioo kikitazama chini.

Usibadilishe chochote wiki hii. Wengi hushindwa hapa kwa haraka yao. Wanaandika siku mbili, wanarukia hatua ya pili, na wanaweka muda usiolingana na mwili wao.

Hatua ya pili: kukaza muda wa kitandani

Hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo ngumu. Hesabu yake ni hivi.

Tuseme daftari linaonyesha kwamba kwa wastani unapanda kitandani saa 3 usiku na kutoka saa 12 asubuhi. Hayo ni masaa 9. Ndani yake umelala masaa 5 na nusu tu. Gawanya 5.5 kwa 9, zidisha kwa 100: unapata 61. Yaani katika kila dakika 100 za kitandani, 39 ni za kugaagaa. Mtu anayelala vizuri hufika 85 au zaidi.

Sasa chukua ule muda uliolala kweli, masaa 5 na nusu, ongeza nusu saa, yanakuwa 6. Chagua saa ya kuamka ambayo unaweza kuishika kila siku, Jumapili ikiwemo. Tuseme saa 11:30 alfajiri. Hesabu kurudi nyuma masaa 6: ruhusa yako ya kupanda kitandani inaanza saa 5:30 usiku. Hata ukisinzia saa 3, unakaa wima, unaosha vyombo, unakunja nguo mpaka muda ufike. Asubuhi, hata kama umelala masaa matatu, unaamka saa ile ile.

Muda huo usishuke chini ya masaa 5, hata kama daftari linaonyesha unalala 4.

Baada ya siku 7 piga hesabu upya. Ukiwa juu ya 85, ongeza dakika 15 kwa kuwahi kitandani, yaani saa 5:15 badala ya 5:30. Ukiwa kati ya 80 na 85, baki hapo hapo. Ukiwa chini ya 80, punguza dakika 15. Kwa mfano wetu, ukilala masaa 5 na dakika 20 ndani ya yale 6, hizo ni dakika 320 kati ya 360, karibu 89, kwa hiyo umestahili nyongeza. Endelea hivyo wiki baada ya wiki mpaka ufike mahali ambapo mchana una nguvu na usiku hugaagai. Kwa mmoja yatakuwa masaa 6 na nusu, kwa mwingine 7 na robo. Usimtazame jirani.

Kwa nini inafanya kazi? Kadiri unavyokaa macho, ndivyo hamu ya usingizi inavyojilimbikiza mwilini, kama njaa. Anayedokoa kutwa nzima hafiki mezani na njaa. Kujilaza mchana ni kudokoa. Katika wiki hizi acha kabisa kulala mchana, isipokuwa unapokwenda kuendesha chombo na macho yanafumba. Hapo simama, lala dakika 20, usalama kwanza.

Wiki ya kwanza na ya pili utajisikia vibaya zaidi kuliko ulivyoanza. Waambie wa nyumbani mapema ili wasikuonee huruma ukalala saa 2. Wengi huacha siku ya nne au ya tano, wakati ambapo ile hamu ndiyo kwanza inaanza kujikusanya.

Kuna kosa moja la watu wa alfajiri. Unaamka kwa adhana, unaswali, kisha unarudi kitandani mpaka saa 2. Kipande hicho cha pili kinakula usingizi wa usiku unaofuata. Ifanye Alfajiri kuwa ndiyo saa yako ya kuamka moja kwa moja, na hesabu irudi nyuma kutoka hapo.

Hatua ya tatu: kitanda kiwe cha kulala tu

Kanuni hii ilianzishwa na Richard Bootzin, Marekani, mwaka 1972: panda kitandani ukiwa na usingizi, na usipopata usingizi kwa makadirio ya dakika 15 hadi 20, ondoka. Ukisinzia, rudi. Ukikosa tena, ondoka tena, hata mara tano. Kitandani hapaliwi, hapatazamwi simu, hapapigwi hesabu. Tendo la ndoa linaruhusiwa.

Kwa mwenye chumba kimoja, kitanda hicho ndicho kochi, ndicho meza ya watoto ya kufanyia kazi za shule. Kinachosaidia ni kukipa sura mbili. Tafuta shuka au tandiko moja zito la mchana, lenye rangi tofauti kabisa na ile ya usiku. Asubuhi likishatandikwa, kitanda kimefungwa: mnakaa mkekani, kwenye vigoda, kwenye viti vya plastiki. Likitolewa, ni usiku. Ni jambo dogo kwa kulitazama, lakini mwili husoma ishara kama hizo. Mgeni akija na pa kukaa hapatoshi, akae yeye kitandani, wewe shika kigoda.

Kisha andaa pa kwenda usiku. Kona moja, hata ya hatua mbili kutoka kitandani: mkeka au kiti, khanga au shuka la kujifunika mabegani, taa ndogo ya sola iliyoelekezwa ukutani. Usitumie tochi ya simu, maana ukiishika simu utaifungua. Weka hapo mapema kazi moja tulivu isiyo na mwisho wa kusisimua: vifungo vya kushona, nguo za kukunja, kitabu ulichokwisha kukisoma. Kaa ukiegemea ukuta lakini usijilaze, kwa sababu ukisinzia mkekani somo linahamia mkekani.

Ikiwa mnalala watatu kitandani na wewe uko upande wa ukutani, omba kuhamia ukingoni kwa wiki hizi sita. Ikiwa hata kona haipo, kaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu, mgongo ukiwapa waliolala. Si sawa kabisa na kutoka, lakini ni bora mara nyingi kuliko kulala chali ukitazama dari. Wanafunzi wa bweni wenye vitanda vya ghorofa wapange kulala kitanda cha chini.

Mume au mke akiamka na kuuliza, "Vipi tena?", jibu liwe fupi na mlijue mapema: "Niko sawa, nasubiri usingizi." Mazungumzo ya ada na kodi saa 8 usiku yanawaamsha wawili.

Hatua ya nne: kikao cha mawazo, saa 12 jioni

Mawazo hayafukuzwi kwa kuambiwa "usiwaze". Yapewe saa yao. Kila siku, mbali na kitanda na angalau masaa matatu kabla ya kulala, kaa dakika 15 hadi 20 na karatasi iliyokatwa safu mbili. Kushoto andika yanayoweza kufanyiwa kitu. Kulia andika yasiyo mikononi mwako.

Upande wa kushoto usiandike neno "kodi". Andika hatua: "Kesho saa 3 asubuhi nimpigie mwenye nyumba, niombe kulipa nusu tarehe 10." Usiandike "deni". Andika: "Kesho mchana niorodheshe mikopo yote mitatu, salio na tarehe, nianze na wenye riba kubwa." Tofauti hii ni kubwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, uliochapishwa 2018, uliwalaza watu 57 maabara. Walioandika kwa dakika 5 mambo ya kufanya siku zinazofuata walisinzia haraka kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya, na kadiri orodha ilivyokuwa na mambo mengi na mahususi, ndivyo walivyosinzia haraka zaidi. Jambo lililoandikwa na kupewa saa yake halihitaji tena kukesha ili likumbukwe.

Upande wa kulia, yale ya kuugua kwa mzazi au uamuzi wa mwajiri, andika tu na uyaache yalale kwenye karatasi. Mwenye dini ayaombee hapo hapo, jioni. Wazo likirudi usiku, liambie lina kikao kesho. Likiwa jipya kabisa, liandike kwa maneno manne kwenye kona yako, gizani hivyo hivyo.

Wanaodaiwa kwenye mikopo ya mtandaoni wazime milio ya ujumbe kuanzia saa 2 usiku. Ujumbe wa vitisho ukisomwa saa 5 usiku haulipiki usiku huo, unasomeka tu.

Hatua ya tano: pumzi, na kuyatazama mawazo bila kujibizana nayo

Vuta hewa kwa pua polepole, hesabu 4. Itoe kwa hesabu 6. Kwa sekunde 10 kwa pumzi, unapata pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 5 hadi 10. Mkono mmoja uweke tumboni: tumbo ndilo liinuke, kifua kitulie. Ukipata kizunguzungu au ganzi vidoleni, unavuta hewa nyingi mno. Punguza ujazo, hesabu ibaki.

Wazo litakuja kabla hujafika pumzi ya tatu. Hilo si kushindwa. Lipe jina, "hii ni hesabu ya ada", na urudi kwenye pumzi. Likija mara thelathini, rudi mara thelathini. Kurudi ndiko zoezi lenyewe. Mwenye kushika tasbihi au rozari anao mkono uliozoea kazi hii, na hana haja ya kutafuta kingine: neno moja kwa kila pumzi, punje moja kwa kila neno, taratibu.

Kosa la kawaida ni kuifanya pumzi iwe kidonge, ukiwa kitandani unajipima, "Mbona bado?" Anza kuizoea mchana, kituoni ukisubiri daladala au kabla ya kula, kwa wiki nzima, ndipo uilete usiku. Wenye mwili uliokaza waongeze hili: kaza misuli ya miguu sekunde 5, iachie sekunde 15, kisha mapaja, ngumi, mabega, uso.

Mambo ya pembeni yanayoharibu kazi

Kahawa na chai. Nusu ya kafeini huchukua takriban masaa 5 kutoka mwilini, kwa hiyo kikombe cha kahawa ya kibarazani cha saa 11 jioni, nusu yake bado iko nawe saa 4 usiku. Mwisho uwe saa 6 mchana. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini vilevile, na mirungi ina vichangamsho vyake.

Pombe inalaza haraka na kuamsha saa 8 au 9 usiku, moyo ukienda mbio.

Mpira. Mechi nyingi za Ulaya za katikati ya wiki zinaanza saa 4 au 5 usiku kwetu. Kuitazama si tatizo kubwa kama mkeka wa kubeti uliofungwa juu yake. Katika wiki hizi, tazama bila kuweka pesa, au soma matokeo asubuhi.

Joto. Mwili hupoa kidogo ili ulale, na nyumba ya bati inahifadhi joto la mchana. Oga maji ya uvuguvugu saa moja hadi mbili kabla ya kulala, ngozi itatoa joto nje. Chandarua kinapunguza upepo, lakini usikiache. Sogeza feni karibu yake. Mlio wa feni pia hufunika muziki wa kigodoro cha mtaa wa pili. Wa sehemu za baridi, jiko la mkaa lisiingie chumbani kamwe wakati wa kulala, maana hewa yake huua bila harufu.

Mwanga. Toka nje dakika 20 hadi 30 kabla ya saa 2 asubuhi. Karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, na hiyo ni neema. Ndugu walioko Oslo au London, ambako Desemba kunapambazuka saa 2 au 3 asubuhi, watoke mara tu kunapopambazuka, hata kukiwa na mawingu.

Vidonge

Diazepam, dawa ya kutuliza na kulaza, na jamaa zake hununuliwa dukani kwa urahisi mno. Kwa wiki chache mwili unazoea, kipimo kinapanda, na usingizi bila kidonge unakuwa mbaya kuliko wa kwanza. Aliyetumia kwa muda asiache ghafla, anaweza kupata degedege. Apunguze kidogo kidogo chini ya daktari. Dawa za mafua na mzio zinazolewesha humwacha mtu mzito asubuhi, na si tiba ya tatizo hili.

Nenda hospitali usisubiri wiki sita ikiwa huzuni imekaa kila siku kwa wiki mbili, ikiwa unasikia sauti wasizosikia wengine, au ikiwa wazo la kujiua limekuja. Kwa hilo la mwisho, mwambie mtu leo na usikae peke yako. Kenya, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Mtoto au kijana, Kenya na Tanzania, apige 116. Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, Bugando ya Mwanza na Mathari ya Nairobi zina madaktari wa afya ya akili, na hospitali ya mkoa au kaunti ndiyo mlango wa kuanzia.

Baada ya wiki sita

Usingizi utakukataa tena siku fulani. Msiba utatokea, mtalala mkekani siku tatu, chai itanywewa usiku kucha. Ukirudi nyumbani usiwahi kitandani ili ufidie. Rudi kwenye saa yako ya kuamka kuanzia asubuhi ya kwanza, toa tandiko la mchana kwa muda uleule wa zamani. Zikipita siku 10 bado unagaagaa, chukua daftari, andika siku 7, kata dakika 30 za muda wa kitandani, na uanze kuongeza upya kwa dakika 15.